Kalule na Ouma kwenye Mizani ya Mbalamwezi

Ubishi wa ngumi haujawahi kukosa wenyewe. Kwenye vibaraza vya Buzebazeba mjini Kigoma, kama ilivyo kwenye saluni za Mwanga na vijiwe vya kahawa vya Ujiji, jozi inayotajwa sana ni Rashid Matumla, yule Snake Man wa miaka ya 1990, na Hassan Mwakinyo wa Tanga, aliyemsimamisha Sam Eggington katika raundi ya 2 mjini Birmingham, Septemba 2018. Mmoja anaapa kwamba Matumla angemmaliza kijana mapema, mwingine anajibu kwamba Matumla hakuwahi kwenda kumpiga Mwingereza nyumbani kwake, na kahawa inapoa hakuna aliyeshinda. Ubishi huu haufiki popote kwa sababu tofauti kati ya watu hao wawili ni nyingi mno, kuanzia njia walizopitia hadi mikanda waliyoivaa, hivyo kila mbishi anachagua kipimo kinachompendelea mtu wake. Anayetaka kujifunza kupima mabondia wa vizazi viwili ni heri aanze na jozi iliyo rahisi zaidi kupimika, kisha arudi kibarazani. Jozi hiyo ipo, na haiko mbali: ni ya jirani zetu wa Uganda, Ayub Kalule na Kassim Ouma.

Ni vigumu kupata mabondia wawili wanaofanana hivi. Wote ni Waganda kwa uraia. Wote ni mashoto, yaani wanatanguliza mkono na mguu wa kulia na kuacha ule mzito wa kushoto nyuma. Wote walitwaa ubingwa wa dunia katika uzani uleule wa super welter, ambao kikomo chake ni karibu kilo 70, na wote waliutwaa wakiwa na umri wa miaka 25. Kalule aliupata mkanda wa WBA tarehe 24 Oktoba 1979. Ouma aliupata wa IBF tarehe 2 Oktoba 2004. Kati ya siku hizo mbili ni miaka 25 kasoro wiki tatu, kana kwamba mtu alipanga. Hata hivyo ukiuliza leo nje ya Uganda, jina linalokumbukwa ni la Ouma. Yeye ndiye aliyetengenezewa filamu ya maisha yake mwaka 2008, filamu iliyozunguka dunia. Kalule amebaki kuwa mstari katika rekodi ya Sugar Ray Leonard. Makala haya yanadai kwamba kumbukumbu hiyo imekaa kichwa chini: kama mabondia, na kwa kipimo cha kazi yao ulingoni, Kalule amemzidi Ouma kwa umbali mkubwa, na kinachotuzuia kuliona hilo ni kwamba tumehesabu mateso ya mtu kana kwamba ni pointi za majaji.

Kwanza tukubaliane kuhusu mizani yenyewe. Wavuvi wa dagaa wa Kibirizi na Katonga wanajua kwamba hesabu ya samaki peke yake haisemi nani ni mvuvi hodari. Dagaa huvutwa na taa usiku wa giza. Zamani taa ilikuwa karabai, sasa ni ya sola. Mwezi ukiwa mpevu, ziwa zima linamulikwa, samaki hawakusanyiki kwenye taa ya mtu, na wengi huacha mitumbwi pwani wakashona nyavu. Kwa hiyo ukiambiwa fulani kaleta shehena na fulani kaleta ndoo mbili, swali la maana ni kila mmoja alitoka usiku gani. Ngumi nazo zina giza na mbalamwezi. Kuna miaka ambayo uzani fulani hauna watu wakali, na mkanda unaweza kuokotwa. Kuna miaka ambayo mabingwa wamejaa kiasi kwamba bondia hodari anaweza kupigana mara tatu na kukutana na balaa tatu. Rekodi haionyeshi mwezi. Anayelinganisha lazima autafute mwenyewe.

Tuanze na Kalule. Alizaliwa mwaka 1954, akakulia katika mfumo wa ngumi za ridhaa za Uganda ambao ulikuwa miongoni mwa iliyokuwa imara kabisa Afrika. Jeshi, polisi na magereza vilikuwa na timu zao, na rais aliyekuwapo, Idi Amin, alikuwa bondia kabla ya kushika madaraka. Mwaka 1974 Kalule alitwaa dhahabu ya Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Christchurch, na mwaka huohuo akawa bingwa wa dunia wa ridhaa mjini Havana, katika mashindano ya kwanza kabisa ya aina hiyo. Msomaji wa Tanzania apime uzito wa jambo hilo kwa kukumbuka furaha tuliyokuwa nayo miaka minne kabla, Titus Simba aliporudi na fedha ya Jumuiya ya Madola kutoka Edinburgh baada ya kushindwa fainali na John Conteh, ambaye baadaye alikuwa bingwa wa dunia wa kulipwa. Mwaka 1976 Kalule aliingia ngumi za kulipwa, na akaingia kwa mlango usiotegemewa: Denmark, chini ya promota Mogens Palle.

Huko alishinda mfululizo hadi alipopewa nafasi ya kumvaa Masashi Kudo, bingwa wa WBA ambaye hakuwa amepoteza pambano hata moja. Ilibidi aende Japani, mjini Akita, akapigane raundi 15 mbele ya watu wa bingwa. Alishinda kwa pointi, majaji wote wakikubaliana, na Kudo hakupanda tena ulingoni. Kampala wakati huo ilikuwa bado na askari wa Tanzania mitaani, miezi sita tu baada ya Amin kuanguka. Nchi iliyomlea Kalule ilikuwa haina hata serikali iliyotulia ya kumpokea. Alirudi Denmark, akautetea mkanda mara nne katika muda usiofika mwaka mmoja. Miongoni mwa waliojaribu kumvua alikuwamo Marijan Beneš wa Yugoslavia, bingwa wa Ulaya. Mapambano matatu kati ya hayo manne yalikwenda raundi zote 15.

Hapo ndipo mbishi wa kwanza anapoinua mkono. Kalule, atasema, alilelewa kama yai. Mapambano yote manne ya kutetea mkanda yalifanyika Denmark, kwa promota wake, mbele ya mashabiki waliomzoea. Hoja hii ni ya kweli kwa kiasi, na asiyeikubali hajui biashara ya ngumi: promota mwenye bingwa humleta mpinzani kwake, hampeleki bingwa kwa watu. Lakini mkanda wenyewe hakuupata Denmark, aliufuata mpaka nyumbani kwa mwenyewe. Tena ukitazama miaka iliyofuata, yai hilo lilipelekwa sokoni katika kikapu kibovu kuliko vyote.

Tarehe 25 Juni 1981, ndani ya uwanja wa Astrodome mjini Houston, Kalule alikutana na Sugar Ray Leonard. Leonard alikuwa bingwa wa WBC wa uzani wa welter na mtu aliyekuwa akibeba ngumi za Marekani mabegani tangu Muhammad Ali achoke. Alipanda uzani kumfuata Kalule. Bingwa huyo aliyekuwa hajashindwa katika mapambano 36 alimsumbua kweli. Alimfuata, akambana, akamlazimisha apigane badala ya kucheza, mpaka mwishoni kabisa mwa raundi ya 9 alipoangushwa na mwamuzi akasimamisha. Leonard aliruka sarakasi ulingoni kwa furaha. Mtu haruki sarakasi baada ya kazi nyepesi. Mwaka uliofuata, Julai, Kalule alijaribu kuurudisha mkanda dhidi ya Davey Moore mjini Atlantic City, akasimamishwa raundi ya 10. Novemba ya mwaka huohuo akawekewa Mike McCallum wa Jamaika, kijana ambaye wakati huo mabingwa walikuwa wakimkwepa na ambaye sasa yumo katika nyumba ya mashujaa wa ngumi pamoja na Leonard. Kona ya Kalule ilimzuia asirudi baada ya raundi ya 7. Leonard, Moore, McCallum: ndani ya miezi 17. Huo ni mwezi mpevu, tena usio na wingu.

Sasa Ouma. Alizaliwa mwaka 1978. Akiwa na umri wa karibu miaka 6 alichukuliwa na wapiganaji wa NRA, jeshi la msituni lililokuwa likipigana kuiondoa serikali ya Kampala, akafanywa askari. Watoto wa namna hiyo waliitwa kadogo. Neno hilo halihitaji kufasiriwa Kigoma. Zaidi ya miaka kumi baadaye lilizagaa upande wa pili wa ziwa, katika vita iliyomwingiza Laurent Kabila Kinshasa mwaka 1997, na wapo watu katika mkoa huu waliovuka maji wakikimbia bunduki zilizobebwa na makadogo. Vita ya Uganda ilipoisha Januari 1986, Ouma hakurudishwa utotoni. Alibaki jeshini, akajifunza ngumi katika timu ya jeshi, na mwaka 1998 alipopelekwa Marekani kwa mashindano, hakurudi. Alianza ngumi za kulipwa huko Florida, bila familia na bila Kiingereza cha kutosha. Desemba 2002 alipigwa risasi mbili mtaani, akapona, akarudi ulingoni mwaka uliofuata.

Oktoba 2004 mjini Las Vegas alimshinda Verno Phillips kwa pointi na kuwa bingwa wa IBF. Mtindo wake ulikuwa wa kushangaza kuutazama: hakuwa na konde zito la kumaliza pambano, lakini ngumi zake zilimiminika kama mvua ya masika, raundi baada ya raundi, kutoka kila upande, mpaka mpinzani akaacha kurusha zake. Januari 2005 alimpiga Kofi Jantuah wa Ghana kwa pointi. Julai ya mwaka huo Mrusi Roman Karmazin alimwangusha mara mbili katika raundi ya 3 na kumpokonya mkanda kwa pointi. Alitetea mara moja, akashinda mara hiyo moja, akapoteza. Mwaka 2006 alifanya kazi nzuri: alimshinda Marco Antonio Rubio, akamshinda Sechew Powell, kisha Desemba akapanda uzani wa kati kumvaa bingwa Jermain Taylor kwao Arkansas, akapoteza kwa pointi. Baada ya hapo ngazi ilielekea chini, ingawa Juni 2011 alipata tena nafasi ya ubingwa, dhidi ya Gennady Golovkin, na kusimamishwa raundi ya 10.

Tutazame mwezi wa usiku huo wa Las Vegas. Mwaka 1979 mikanda ya dunia iliyohesabika ilikuwa miwili, WBA na WBC. IBF ilianzishwa mwaka 1983 na WBO mwaka 1988, kwa hiyo Ouma alipanda katika soko lenye viti vinne vya ubingwa kwa kila uzani. Hilo peke yake si kosa lake. Lakini kiti alichokalia kina historia yake. Machi 2004 Winky Wright alimshinda Shane Mosley na kuunganisha mikanda mitatu ya uzani huo, WBA, WBC na IBF. Hakuna aliyebishana nani alikuwa mkubwa. Mwezi uliofuata IBF ilimvua Wright mkanda wake kwa sababu alichagua kurudiana na Mosley badala ya kupigana na waliyempangia wao. Mkanda ukabaki wazi, Phillips akauchukua Juni, Ouma akamnyang'anya Oktoba. Kwa maneno mengine, yule aliyeshinda mkanda ule ulingoni alikuwa bado hai, mzima, akiwa bingwa, na Ouma hakuwahi kupigana naye. Kalule naye hakukutana na bingwa wa WBC wa wakati wake, Maurice Hope, na hilo ni doa kweli. Ila mkanda wa Kalule ulitoka mwilini mwa mtu aliyekuwa hajawahi kushindwa, haukutoka mezani kwa makarani.

Kuna tofauti nyingine ambayo kijana aliyekua na mapambano ya raundi 12 anaweza asiione. Kalule alikuwa bingwa wa raundi 15. Zile raundi tatu za ziada si nyongeza ndogo. Ndipo wengi waliposhindwa au kuumia, na ndiyo sababu zilifutwa. Novemba 1982 Mkorea Duk Koo Kim alifariki kutokana na majeraha ya pambano lake na Ray Mancini, lililosimamishwa raundi ya 14, na WBC ikapunguza mapambano ya ubingwa hadi raundi 12; vyama vingine vikafuata kabla ya muongo kuisha. Ouma alikuwa na pafu la kupigana raundi hizo 15, sina shaka. Hakuna aliyemwomba azipige, hivyo hatuwezi kumpa alama zake.

Mbishi wa pili ana silaha nzito zaidi, na yeye nampenda kuliko wa kwanza. Kalule, anasema, alipoteza mapambano manne tu kati ya 50, lakini yote manne alisimamishwa. Ouma katika miaka yake mizuri alipoteza akiwa amesimama: Karmazin alimwangusha mara mbili na bado akamaliza raundi 12, Taylor, mtu aliyemzidi umbo, hakuweza kumsimamisha. Je, huyo si mgumu zaidi? Ndiyo, ni mgumu zaidi. Kama swali lingekuwa nani ana kidevu cha chuma, ningemaliza makala hapa kwa kumpa Ouma. Lakini kuvumilia ngumi ni sifa moja tu ya bondia, na sifa hiyo hupimwa kwa nani anayekupiga. Wanne waliomsimamisha Kalule ni Leonard, Moore, McCallum na, Februari 1986 akiwa na miaka 32, Herol Graham, Mwingereza aliyekuwa akikwepa ngumi kama samaki anavyokwepa mkono. Ouma alipokutana na Golovkin, mtu wa kiwango hicho, naye alisimamishwa. Na kabla ya hapo alikuwa amepoteza kwa watu kama Saúl Román, Cornelius Bundrage na Gabriel Rosado, ambao Kalule wa umri huo asingetajwa nao katika sentensi moja.

Mbishi wa tatu hasemi kwa sauti kubwa, lakini ndiye anayeshinda mioyo. Anauliza: inawezekanaje kumpima mtoto aliyenyang'anywa kwa mama yake kwa mizani ileile ya kijana aliyepewa kocha, tiketi ya kwenda Havana na promota wa Ulaya? Swali lina haki yake, ila linachanganya mambo mawili. Kuna nani aliyetoka mbali, na kuna nani aliyefika mbali. Kwa la kwanza hakuna shindano: Ouma alitoka mahali ambapo wengi hawatoki kabisa, na bondia yeyote wa Afrika Mashariki aliyewahi kuvaa glovu akisimama karibu naye anaonekana kama mtu aliyetembea kutoka Gungu hadi sokoni. Lakini tunapouliza kuhusu kazi ya bondia tunauliza la pili. Tena kumwongezea Ouma ukuu wa ulingoni kwa sababu ya mateso yake ni kumnyima heshima aliyoitafuta. Alikimbia jeshi ili ahukumiwe kwa mikono yake. Majaji wa Las Vegas hawakumpa raundi kwa kuwa alikuwa kadogo. Walimpa kwa kuwa Phillips alishindwa kuzuia ngumi zake. Anayemhurumia kwenye rekodi anamrudisha msituni.

Upo pia ukweli kwamba kamera hufuata hadithi. Kalule hakuwa na hadithi ya kuuza. Alikuwa mtu wa kazi, aliyekaa nchi ya baridi akajifua, akapigana, akalipwa, akanyamaza. Waganda wenzake wa kizazi hicho walikuwa na mvuto zaidi: John Mugabi, mwenye fedha ya Olimpiki ya Moscow, alipewa jina la mnyama, akasimama na Marvin Hagler mwaka 1986 katika pambano ambalo watu bado wanalitazama. Kalule, aliyetangulia kuliko wote kuuleta ubingwa wa dunia Uganda, alipungukiwa na kitu ambacho si ngumi. Na sisi wapenzi wa mchezo huu tuna tabia hiyo hata nyumbani: Mwakinyo aliposimamishwa na Liam Smith mjini Liverpool, Septemba 2022, tulizungumza kuhusu viatu vyake kwa wiki kadhaa, na wachache waliuliza Smith ni nani na alikuwa amewahi kuvaa mkanda gani.

Kama bado yupo anayetaka ushahidi mmoja tu wa kumtofautisha Kalule, asiutafute Akita wala Houston. Autafute Ancona, Italia, Desemba 1985. Kalule alikuwa karibu atimize miaka 32, amekwisha kupigwa na watatu wa kutisha, na wengi walikuwa wamemwandika kuwa amekwisha. Alikuwa amepanda uzani wa kati na kutwaa mkanda wa Ulaya, na sasa alipaswa kuutetea nyumbani kwa mpinzani, Sumbu Kalambay, mzaliwa wa Lubumbashi aliyehamia Italia, kijana mwepesi wa miguu aliyekuwa akipanda kwa kasi. Waafrika wawili, Mganda na Mkongomani, wakigombea mkanda wa Wazungu pwani ya Adriatiki. Kalule alishinda kwa pointi, majaji wakigawanyika. Chini ya miaka miwili baadaye Kalambay akawa bingwa wa dunia wa uzani wa kati, na Machi 1988 akamshinda McCallum, yuleyule aliyemweka Kalule kitini mjini Atlantic City.